Maji ya Kufika Kwapani

Jina la Kizibo hakupewa na wazazi wake, na yeye mwenyewe hakuliomba. Alilipata kwa makalio yake. Si matusi kusema hivyo, kwa kuwa ndivyo ilivyotokea.

Alikuwa mgeni katika kazi ya kulitunza bwawa la kuogelea lililo kando ya barabara kuu ya jangwani. Bwawa hilo halikuwa na mashine wala dawa ya maji. Maji yalibubujika chini ya mwamba, vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, yakapita katika mfereji mfupi wa saruji na kulijaza bwawa. Yaliyozidi yalimwagikia upande wa pili, yakanywewa na mbuzi. Kwa kuwa hapakutiwa dawa, utelezi wa kijani uliota haraka kwenye kuta, na njia ya kuuondoa ilikuwa moja tu. Kila Jumatatu, wasafiri wa mwisho wa wiki wakishaondoka, mtunzaji alivuta kizibo kilichokuwa chini kabisa ya bwawa, maji yote yakaenda zake, naye akaingia na brashi ya waya kusugua sakafu na kuta. Kisha alikirudisha kizibo mahali pake na kuiachia chemchemi kazi iliyobaki. Kufikia Jumatano bwawa lilikuwa limejaa pomoni.

Kizibo chenyewe kilikuwa kipande cha mti mgumu kilichochongwa kwa shoka na kuvishwa mpira wa tairi. Jumatatu moja alikisahau juani wakati akisugua, kikapasuka katikati. Maji mapya yalikuwa yameshaanza kuingia na kutokomea tunduni, na kesho yake lilitarajiwa basi zima la wageni. Akatazama huku na huku. Alipokosa cha kuzibia, aliketi juu ya tundu, akaanza kuita. Jirani wa pekee alikuwa kituo cha mafuta, na jenereta yake ilinguruma kiasi cha kumeza kila sauti. Maji yakapanda taratibu. Na kadiri yalivyopanda ndivyo tundu lilivyozidi kumvuta na kumnasa.

Jua lilikuwa linazama fundi wa matairi wa pale kituoni alipokuja kuoga, akamkuta ameketi maji yakiwa yamemfika kwenye kola ya shati.

"Bwana, unaoga au umefungwa?"

"Niletee kitu cha kuzibia tundu."

"Na kizibo kiko wapi?"

"Unazungumza nacho."

Fundi alicheka hadi akaketi chini. Alipomtoa, vidole vya mtunzaji vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyekula chumvi nyingi. Habari ilifika kituoni kabla yao, ikapanda malori, ikasambaa barabara nzima. Tangu siku hiyo madereva walipopita walipiga honi na kuita, "Kizibo, umekalia wapi leo?" Mkewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Wakati huo alikuwa mwepesi wa miguu; alikatisha tiketi dirishani, akafua taulo za wageni, akashona kwa cherehani nguo za watu wa kituoni, na kati ya kazi na kazi alipata nafasi ya kumtania mumewe. "Wenzangu wameolewa na makarani na mahakimu," alisema. "Mimi nina kizibo. Ajabu ni kwamba nyumba yangu haivuji."

Kisha ikaja baridi yabisi. Ilianza kwenye vidole, cherehani ikafunikwa kitambaa. Ikashuka kwenye nyonga na magoti, na mwanamke yule aliyekuwa akivuka uwanja mbio akawa mtu wa kuinuliwa kitandani na kuwekwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Hospitali ya mjini ilimpa vidonge vilivyopunguza maumivu kidogo bila kumrudishia miguu. Daktari alizungumza nao kwa upole, akasema ugonjwa huo ni wa kuzoeana nao.

Hakuna aliyewashauri walichofanya baadaye. Jioni moja ya joto kali, wageni walipokuwa wamekwisha kuondoka, Kizibo alimbeba mkewe mikononi ili amwogeshe tu. Aliposhuka naye ngazi, maji yakiwa yamemfika mwanamke kwapani, alihisi uzito wote umemtoka mikononi. Mkewe alikuwa amesimama.

"Niachie," alisema.

"Utaanguka."

"Nimekwambia niachie, mzee. Nikianguka nitaangukia wapi? Ni maji haya."

Akamwachia. Mkewe alipiga hatua, akapiga nyingine, akafika ukuta wa pili, akageuka. Hakulia wala hakucheka. Alimwambia kwamba kona ile ya kushoto haisuguliwi vizuri.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao. Kila alasiri, gari la mwisho likishatoa vumbi lake, alimbeba hadi majini naye akatembea. Kwenye kiti cha plastiki alikuwa mwanamke mfupi aliyejikunja. Majini alikuwa mrefu, shingo imenyooka, akitoa amri huku na huku kama mkuu wa kazi. Usiku alipata usingizi. Asubuhi aliweza kushika kikombe. Siku za kusafisha, ambapo bwawa lilikuwa tupu, viungo vilikaza, wakavumilia wakijua kwamba Jumatano iko njiani. Kizibo alipata kuitwa kazini mjini, mahali penye kivuli na mshahara wa kueleweka, akakataa. Waliomwona mjinga hawakuwahi kufika bwawani alasiri.

Mwaka huu chemchemi ilianza kuchoka. Aliyegundua kwanza ni mbuzi, kwa kuwa maji ya kumwagikia upande wa pili yalikoma. Kisha Kizibo akagundua kwamba mfereji umeacha kuimba. Bwawa lilikuwa bado limejaa, lakini maji yalikuwa yametulia, na yaliyotulia yakaanza kuwa ya kijani. Alimpigia simu mwenye bwawa, mama wa makamo aliyelirithi kwa marehemu mumewe na kuishi mjini.

"Ni kiangazi tu, baba," alisema mama yule. "Kila mwaka hupungua."

"Hajapata kunyamaza hivi, mama."

"Nani?"

"Mfereji."

Mwisho wa wiki ile bibi mmoja wa wageni aliteleza kwenye ngazi akaumia kiwiko, na safari hii simu ikapigwa kutoka mjini. Mwenye bwawa alikuwa na neno moja tu: safisha.

Jumatatu asubuhi Kizibo alisimama ukingoni ameshika mnyororo wa kizibo. Mkewe alikuwa bado amelala. Alilitazama bwawa, akautazama mfereji uliokuwa ukitoa maji membamba kama mkia wa panya, na moyo ukamwambia asubiri. Angeweza kusugua ngazi tu. Angeweza kumwambia mwenye bwawa kwamba amesafisha, na nani angekuja kuchungulia? Lakini mikono yake ilikuwa imevuta mnyororo ule kila Jumatatu kwa miaka, na kwake yeye maji machafu yalikuwa aibu ya mtu mmoja, naye ndiye huyo. Alivuta. Maji yakaguna tunduni, yakazunguka, yakaondoka. Akasugua mpaka mchana, na ile kona ya kushoto akaisugua mara mbili.

Jumanne maji yalifunika vidole vya miguu. Jumatano yalifika kwenye vifundo. Alhamisi yalikaribia magoti, na hapo yakagoma. Yaliyoingia kutoka mwambani yalitosha tu kufidia yaliyonyonywa na jua. Kizibo alikaa ukingoni siku nzima akitazama alama ya unyevu kwenye ukuta, kama mtu anayesubiri mgonjwa afumbue macho.

Alasiri ile alimbeba mkewe hadi mlangoni, kwa mazoea, kisha akasimama hajui aende naye wapi. Mkewe alilitazama bwawa.

"Sakafu inang'aa," alisema.

"Nisikilize, mke wangu..."

"Nimesema inang'aa. Si ndiyo uliyoitaka? Sasa nipeleke nikasimame juu yake."

Hakumpeleka. Alimrudisha kwenye kiti, na mkewe akageuza uso upande wa ukuta.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote walizowahi kuishi. Vidole vya mkewe vilijifunga kama makucha. Chai alinyweshwa kwa kijiko. Alipogeuzwa kitandani alitia upindo wa shuka mdomoni na kuuma, maana hakutaka mumewe amsikie, naye Kizibo, aliyesikia kila kitu, alijifanya amelala ili asimwaibishe. Mchana alikwenda mwambani na chuma cha kubandulia tairi alichoazima kwa fundi, akalala kifudifudi na kuchimbua mawe kwenye jicho la chemchemi. Alitoa mchanga. Alitoa mizizi. Aliingiza mkono mpaka begani, akapapasa gizani, na alichokipata ni ule uvuguvugu tu, hafifu, kama pumzi. Fundi alimjia mara moja akamkuta katika hali ile, shavu limebanwa kwenye jiwe, anazungumza.

"Unaongea na nani, Kizibo?"

"Na hii."

"Inajibu?"

"Ingejibu ningekuwa nimelala hapa?"

Fundi alichuchumaa. Hakuwa na utani siku hiyo. Alisema angeweza kumshawishi dereva wa lori la maji apitie. Kizibo alitikisa kichwa. Lori lilileta maji baridi yenye chumvi, na baridi ndiyo iliyokuwa adui wa mkewe. Walichohitaji kilikuwa chini ya mwamba ule, na mwamba haukuwa na neno la kuwaambia.

Mwenye bwawa alikuja na gari, akasimama ukingoni na mwavuli, akaona yalivyo. Hakumfokea mtu. "Baba, nafunga," alisema. "Nyumba kaeni, sitawatoa. Lakini bwawa hili limekwisha." Kizibo aliitikia kwa heshima zote, akamsindikiza hadi garini. Mkewe, aliyesikia kutoka mlangoni, alisema tu, "Ametuachia sufuria, chakula akabeba." Kisha akamwomba mumewe amfunike magoti.

Kibao cha kutangaza kwamba bwawa limefungwa hakikuwa kimewekwa bado Jumamosi iliyofuata, lilipofika gari jeupe lililogeuka kahawia kwa vumbi. Ndani yake mlikuwa na baba, mama, watoto wao na bibi yao aliyemzaa mama, mwanamke mnene mwenye mtandio wa zambarau. Walikuwa safarini kuvuka jangwa, na tangu alfajiri watoto walikuwa wamenyamazishwa kwa ahadi moja tu: mbele kuna bwawa.

Baba wa familia alishuka, akajinyoosha, akatazama.

"Mzee, bwawa liko wapi?"

"Ndilo hili, bwana."

"Hili ni sahani."

"Chemchemi imepungua. Nasikitika sana. Leo hatutozi kitu."

"Hata ungetoza ungetoza nini? Watoto hawa nimewadanganya njia nzima." Alikuwa amechoka, na uchovu ulimtoka kwa ukali. "Watu mnakaa hapa mnafanya kazi gani, hata kuweka maji kwenye shimo mnashindwa?"

Lakini bibi alikuwa ameshavua viatu.

"Mkwe, punguza sauti, maji hayaji kwa kuitwa," alisema, akashuka ngazi na nguo zake zote. Alitembea hadi mwisho wa bwawa, kule chini kwenye tundu, akajiachia akaketi na kutoa mguno wa raha uliowachekesha wajukuu. Wote wakamfuata wakirushiana maji. Baada ya kitambo bibi alimwona mwanamke aliyekuwa mlangoni kwenye kiti cha plastiki.

"Mwenzangu, wewe huogi?"

"Hayanitoshi, mama."

"Yakutoshe ufanye nini? Unataka kupiga mbizi kwa umri huu?"

"Nataka kusimama." Mkewe Kizibo alisema hivyo bila kuzunguka. "Watu wengine maji yakiwafika shingoni hulia. Mimi nalia kwa kuwa hayanifiki."

Bibi aliacha kucheka. Alimtazama magoti, akatazama vidole vile, akaelewa. "Pole, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini.

Kizibo naye alikuwa akimtazama bibi, na si kwa utovu wa adabu. Bibi alikuwa ameketi kwenye kona ya tundu, na maji yalimfika kifuani. Mjukuu wake aliyeketi upande wa ngazi alifikiwa kiunoni kwa shida. Sakafu ya bwawa iliinama kuelekea kwenye tundu; kila Jumatatu aliyasukuma maji machafu kwa ufagio kwenye mteremko huo huo, na katika wiki zote za kulala kifudifudi mwambani hakuwahi kuufikiria. Maji yalikuwa machache kwa sababu yalitandazwa. Ukiikata kona ile kwa ukuta na kuyafikisha maji yote ya mfereji hapo tu, hayatakuwa na pa kwenda ila juu.

Familia ilipoondoka, baba wa watoto alimpa mkono na kusema, "Usinijali, mzee, ni jua." Kizibo aliupokea mkono ule bila kusikia vizuri alichoambiwa.

Alianza kazi siku hiyo hiyo. Fundi alimpa turubai kuukuu na kipande cha bomba. Jikoni pa kituo walimpa magunia matupu. Saruji hakuwa nayo, hivyo ukuta wake ulikuwa wa magunia ya mchanga, yaliyopangwa safu juu ya safu kuikata kona, turubai likalazwa kwa ndani, bomba likatoka mferejini hadi humo. Mkewe alitazama kutoka mlangoni na kusema kwamba anamwona mtu anajenga choo. Lakini hakugeukia ukutani.

Maji yalipanda humo, huku yaliyobaki nje ya magunia yakikaushwa na jua. Yalipanda polepole, yakivuja hapa na pale, naye akishindilia matambara kila yalipovuja. Yalipofika kiunoni mkewe alisema hawezi kusubiri zaidi. Alimbeba, akamshusha katikati ya magunia, mahali pa kumtosha mtu kupiga hatua chache tu. Mkewe alijaribu. Miguu ilitetemeka, uso ukakunjamana, akamshika mumewe shingoni kwa mikono isiyoweza kushika.

"Bado," alisema huku akihema. "Hayajanibeba. Yananishika tu."

"Tukae kidogo?"

"Tukae."

Waliketi majini bega kwa bega. Baada ya muda mkewe alisema kwamba goti la kulia limelegea kidogo, la kushoto bado. Hapo gunia moja la safu ya chini likapasuka. Halikutoa kishindo, mchanga uliteleza, gunia likalala, turubai likajikunja, na maji yote waliyoyasubiri siku nyingi yakatandaa tena kwenye sakafu inayong'aa mpaka wakabaki wameketi katika yaliyowafika mapajani. Kizibo aliuficha uso mikononi. Mabega yake yalitikisika, na mkewe alimwacha hadi yalipotulia.

"Niinue," alisema kisha. "Nasikia baridi."

Alimpeleka mlangoni, akamkausha, akamfunika. Jua lilikuwa bado juu ya mwamba. Akarudi kulitoa lile gunia, akalikung'uta, akaja nalo hadi miguuni pa mkewe na sindano ya kushonea turubai. Mpasuko ulikuwa mrefu kama mkono. Alianza kushona, kichwa ameinamisha.

"Mishono mipana hiyo," alisema mkewe. "Mchanga utapita katikati."

"Utapita wapi? Ni gunia, si shati."

"Fumua."

Alifumua.

"Kunja ukingo kwanza. Mara mbili. Hapo. Sasa pitisha chini, utokee juu, uzi uubane. Usiuvute hivyo, utakata. Ungeniachia mimi..." Alitazama vidole vyake mapajani, kisha akaendelea kwa sauti ile ile. "Karibu zaidi. Uache nafasi ya punje, si ya kidole."

"Namna hii?"

"Namna hiyo."

Wakaenda hivyo, yeye akishona na mkewe akihesabu kosa kwa kosa, hadi mpasuko ukaisha. Kizibo alipiga fundo, akapiga la pili juu yake kama alivyoelekezwa, akaukata uzi kwa meno. Kisha alililaza gunia gotini na kuubonyeza mshono kwa dole gumba, mwanzo hadi mwisho. Ulishika.